Wataalamu wa Nyota na Maji ya Gharika

Katika masika yaliyopita, mvua ilipokuwa ikipiga juu ya bati la shule hata sauti yangu isisikike vema, mvulana mmoja wa darasa letu hapa Majengo alisimama akauliza: "Mwalimu, maji ya Gharika yalitoka wapi, na yalipopunguka yalikwenda wapi?" Nami nikamjibu kwa haraka kwamba Mungu ni Mwenyezi, nikamwambia aketi. Akaketi. Lakini usiku ule sikupata raha, maana nilijua ya kuwa sikumjibu, ila nilimnyamazisha. Neno nililolisema lilikuwa kweli, lakini nililitumia kama mtu atumiavyo kifuniko cha chungu, ili kilichomo kisionekane. Kuuliza si ujinga. Tena mwalimu amfungaye mtoto kinywa leo, asistaajabu kesho akisikia kwamba mtoto yule amekwenda kuuliza kwa watu wengine, nao wamemwambia kuwa Kitabu chote ni hadithi tupu.

Basi nikatafuta katika vitabu, nikaona kwamba swali la mtoto huyu si jipya. Yapata miaka 300 na zaidi iliyopita liliulizwa na watu waliokuwa na elimu kubwa ya nyota na ya hesabu katika nchi ya Uingereza. Walishindana kwa maandiko. Mmoja alipoteza cheo chake kwa kitabu chake. Mwingine alificha maneno yake karibu miaka 30 kwa kuogopa lawama. Napenda kuwasimulia habari zao, maana zina faida kwetu sisi tulio na watoto wanaouliza.

Kwanza tukumbuke habari yenyewe kama ilivyo katika Kitabu cha Mwanzo, tangu sura ya 6 hata ya 9. Tunaambiwa ya kuwa mvua ilinyesha siku 40, mchana na usiku. Tena kwamba maji hayakutoka juu tu, bali yalipasuka na kutoka vilindini chini. Yakapanda juu ya milima kwa mikono 15. Yakakaa juu ya nchi siku 150. Katika karne ya 17 karibu watu wote wa Ulaya, wenye elimu na wasio na elimu, walisadiki kwamba maji hayo yaliifunika dunia yote pia. Askofu Mkuu wa Armagh katika Ireland, jina lake James Ussher, alikuwa amehesabu vizazi vya Biblia, akasema kwamba Gharika ilikuwa mwaka 2349 kabla ya Kristo. Mwaka ulijulikana, ndivyo walivyodhani. Lililosalia ni kujua maji yalipatikana wapi.

Wa kwanza kujaribu kwa bidii alikuwa kasisi mmoja, Thomas Burnet, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa shule ya Charterhouse huko London. Katika mwaka 1681 alitoa kitabu kwa lugha ya Kilatini juu ya dunia na mwanzo wake. Burnet alifanya hesabu, akaona kwamba kuifunika milima yote kwahitaji maji ya bahari nane, nasi tunayo kiasi cha bahari moja tu. Mvua haiwezi kuleta bahari saba. Kwa hiyo akawaza kwamba zamani, kabla ya Gharika, dunia ilikuwa laini kama yai, haina mlima wala bonde wala bahari. Juu kulikuwa na ganda la udongo, na chini ya ganda maji mengi. Jua likalikausha ganda kwa miaka mingi, likapasuka, likaanguka ndani ya maji, na maji yakaruka juu ya kila kitu. Milima tuionayo sasa, alisema, ni magofu ya dunia ile ya kwanza.

Burnet aliandikiana na Isaac Newton, mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye jina lake latajwa mpaka leo katika kila shule. Barua zao ni za mwisho wa mwaka 1680 na mwanzo wa mwaka 1681, na hasa walizungumza juu ya kuumbwa kwa ulimwengu. Newton alimjibu kwamba Musa hakusema uongo, wala hakukusudia kuandika kitabu cha wataalamu. Bali aliyaeleza mambo ya kweli kwa namna ambayo macho ya watu wa kawaida yangeyaona. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Katika majira yale yale ilionekana mbinguni nyota kubwa yenye mkia. Aliyeiona kwanza alikuwa Gottfried Kirch wa Ujerumani, tarehe 14 Novemba 1680, naye aliiona kwa darubini. Halafu ikakua hata mkia wake ukaenea sehemu kubwa ya anga. Tangu kale watu wa mataifa yote waliziogopa nyota za namna hii, wakidhani ni ishara ya vita, njaa au kufa kwa mfalme. Lakini Newton aliifuata njia yake usiku baada ya usiku, akaonyesha katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687 kwamba nyota zenye mkia hushika sheria ile ile iushikayo mwezi na dunia, nazo huzunguka jua kwa njia inayoweza kuhesabiwa. Aliyelipa gharama za kukipiga chapa kitabu hicho ni rafiki yake, Edmond Halley. Na huyu Halley ndiye tunayemtafuta.

Halley alizaliwa mwaka 1656, mwana wa mtengeneza sabuni wa London. Alikuwa bado kijana wa miaka 20 aliposafiri mpaka kisiwa cha Mtakatifu Helena ili apime nyota za kusini, zile tuzionazo sisi huku na wasizoziona watu wa Uingereza. Katika mwaka 1691 alitaka kuwa mwalimu wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Oxford. Lakini kulikuwa na maneno juu yake. Watu walisema kwamba hana imani, na kwamba anafundisha kuwa ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho. Halley alikana shitaka hilo, lakini hakupata kazi; alipewa mtu mwingine, David Gregory. Wasomaji wauone msiba wake. Mtu akikwisha kuitwa kafiri mara moja, kila neno lake hupimwa kwa mizani ya shaka, hata lililo jema.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Desemba 1694, Halley alisimama mbele ya Chama cha Kifalme cha wenye elimu huko London, akasoma maneno yake juu ya Gharika. Kwanza alihesabu mvua. Alisema, tuchukue mvua ya mwaka mzima katika jimbo mojawapo la Uingereza linyeshewalo sana, nayo ni kama inchi 40. Tufikiri kwamba mvua ya mwaka huo mzima yanyesha kwa siku moja, tena juu ya dunia yote, tena kwa siku zote 40. Kimo cha maji kingekuwa pima 22 tu. Maji hayo yangezamisha nchi za chini zilizo karibu na bahari, lakini milima isingeyajua.

Hesabu hii yaweza kufanywa na kila mtoto wa shule, nami nimeifanya kwa nchi yetu. Inchi 40 ni kama mita moja, na hiyo ni karibu sawa na mvua tuipatayo hapa Songea kwa mwaka mzima. Basi tufikiri masika yetu yote, tangu tunapopanda mpaka mahindi yanapokauka, yanamwagika kwa siku moja. Na kesho yake masika mengine. Na vivyo hivyo siku 40. Maji yangefika mita 40. Nasi hapa tunakaa zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Ili maji yafike mlangoni petu Majengo ingehitajika mvua ya namna hiyo siku 1,100, yaani miaka mitatu bila kukoma, na milima ya Matogoro ingali ikisimama juu yetu, mikavu.

Kwa hiyo Halley aliona kwamba mvua peke yake haitoshi. Akatoa shauri jingine: labda nyota yenye mkia iliigonga dunia, au ilipita karibu nayo mno. Fikiri mama achukuaye debe la maji kichwani akitoka kisimani. Akienda taratibu, maji hutulia. Akijikwaa ghafula, mwili husimama, lakini maji huendelea na safari yake, yakamwagika mbele. Ndivyo, alisema Halley, bahari ingefanya kama dunia ingepigwa kwa kishindo: ingeruka kutoka mahali pake, ingepita juu ya nchi kavu, ingerudi nyuma na kupita tena, ikichukua mchanga na vitu vya kilindini na kuvilundika kuwa vilima. Aliitaja Bahari ya Kaspi na maziwa mengine makubwa, akidhani kwamba yamkini ni mashimo yaliyobaki kutokana na pigo hilo.

Lakini juma moja baadaye Halley alisimama tena mbele ya chama kile na kusahihisha maneno yake. Alisema kwamba mtu mmoja, ambaye aliheshimu sana hukumu yake, amemwonyesha ya kuwa kishindo kikubwa namna ile yafaa zaidi kuwekwa kabla ya kuumbwa kwa mwanadamu kuliko wakati wa Nuhu. Na kweli, hata sisi twaweza kuuliza: safina ya mti, yenye watu wanane na wanyama ndani yake, ingewezaje kupona katika bahari iliyorushwa juu ya milima? Basi Halley aliyaweka maandiko yake, hakuyapiga chapa, maana alichelea hukumu ya wakuu wa dini. Yalitokea mwaka 1724, alipokuwa mzee wa miaka 68 na mtaalamu mkuu wa nyota wa Mfalme.

Mwingine hakungoja. Mwaka 1696 William Whiston, kasisi kijana mwenye miaka 28, alitoa kitabu kikubwa juu ya dunia, nacho alimtolea Newton kwa heshima. Whiston alisema wazi kwamba ni nyota yenye mkia iliyoleta Gharika, lakini haikugonga, ilipita karibu. Mkia wake, alidhani, ni mvuke wa maji. Dunia ilipoingia katika mkia ule, mvuke uligeuka mvua ya siku 40. Tena, kama mwezi unavyoivuta bahari na kufanya maji kujaa na kupwa, nyota ile iliyavuta maji yaliyofichwa chini ya ardhi, ganda likapasuka, na vilindi vikatokea. Hivyo alipata maji ya juu na maji ya chini, kama Mwanzo isemavyo. Akaongeza kwamba kabla ya hapo mwaka ulikuwa wa siku 360. Kwa kuwa Maandiko yahesabu miezi mitano kuwa siku 150, yaani kila mwezi siku 30.

Watu wengi walipendezwa. Mwaka 1702 Whiston alikalia kiti cha Newton katika Cambridge. Baadaye hata aliitaja nyota yenyewe: ni ile ya mwaka 1680. Halley alikuwa amekisia kwamba nyota hiyo hurudi kila miaka 575. Whiston akahesabu nyuma mizunguko saba, akafika karibu sana na mwaka wa Askofu Ussher. Hebu fikirini furaha yake! Nyota, hesabu na Biblia vilionekana kupatana kama meno ya msumeno yaingiayo katika mti.

Lakini palikuwapo mtu aliyemjibu, naye ni John Keill, mwenye hesabu kutoka Scotland. Mwaka 1698 alitoa kitabu cha kumpima Burnet na Whiston pamoja. Keill hakuwa mpinga dini. Kinyume chake, alisadiki kwamba Gharika ilikuwa mwujiza. Kosa la hao wawili, kwa maoni yake, lilikuwa mara mbili: walitaka kuugeuza mwujiza uwe kazi ya mashine, na mashine yenyewe waliihesabu vibaya. Kwa hesabu aliwaonyesha walipopotea. Watu hufikiri kwamba vita ya siku zile ilikuwa kati ya dini upande mmoja na elimu upande wa pili. Sivyo. Waliobishana wote walishika Biblia mkono mmoja na kalamu ya hesabu mkono wa pili.

Je, miaka imehukumu namna gani? Mambo mengi yamejulikana tangu siku zile. Nyota ya mwaka 1680 hairudi kila miaka 575. Njia yake ni ndefu mno, na mzunguko wake ni wa maelfu ya miaka. Basi mapatano yale ya Whiston yalivunjika. Na habari ya mkia ilipimwa kwa namna ya ajabu. Mwezi wa Mei 1910, miaka mitatu baada ya kwisha Vita vya Maji Maji katika nchi yetu, dunia ilikaribia sana mkia wa nyota nyingine, na wataalamu walihesabu kwamba ingepita ndani yake. Katika Ulaya na Marekani wengi waliogopa, na walaghai wakauza vidonge vya kujikinga. Siku ikapita. Hapakuwa na gharika, wala sumu, wala tone moja la maji. Mkia ule unaoonekana mkubwa ni mwembamba kuliko moshi wa sigara uliokwisha kutawanyika chumbani. Mwaka 1986 chombo kilichoitwa Giotto kilipelekwa karibu na nyota iyo hiyo kikapiga picha ya kiini chake, nacho kina urefu wa kilometa 15 hivi. Kuna barafu ndani yake kweli. Lakini barafu hiyo yote ikiyeyushwa na kutandazwa juu ya dunia nzima, maji yake hayangefika unene wa milimita moja.

Maji ya dunia yenyewe nayo yamepimwa. Unyevu wote ulio angani ukianguka kwa mara moja, utafanya kimo cha milimita 25 hivi, yaani inchi moja. Barafu yote ya ncha za dunia na ya milima ikiyeyuka, bahari itapanda kiasi cha mita 65 au 70. Lindi na Zanzibar zingeona msiba mkubwa, lakini Songea isingeguswa. Na Ziwa Nyasa letu, ambalo Halley angeliona pengine angelidhani ni shimo la nyota, lenye kina cha mita 700 hivi, limefanywa na kutanuka na kupasuka kwa nchi polepole, katika Bonde la Ufa.

Wengine wa siku zile walitegemea ushahidi wa namna nyingine: makome ya bahari yaonekanayo juu ya milima. Walisema, haya yaliletwa na Gharika. Hapa nasi watu wa kusini tuna la kusema. Katika kilima cha Tendaguru, upande wa Lindi, tangu mwaka 1909 hata 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale. Waliochimba kwa mikono walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao aliyesifiwa sana ni Boheti bin Amrani. Mifupa ilichukuliwa kwa vichwa mpaka bandarini, na mnyama mmoja amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Katika udongo ule tabaka za mifupa ya wanyama wa nchi kavu zimepishana na tabaka za makome ya bahari. Maana yake, bahari ilikuja ikaondoka, ikaja tena ikaondoka tena, polepole, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Hiyo si alama ya maji ya mwaka mmoja.

Basi msomaji ataniuliza: Je, mwalimu, watuambia kwamba Gharika haikuwako? La. Nasema kwamba sababu zilizobuniwa na Burnet na Whiston, na ile ya kwanza ya Halley, hazikusimama. Mafuriko makubwa yalikuwako katika nchi ya mito ya Frati na Hidekeli, na watu wa huko waliyakumbuka. Mwaka 1872 George Smith wa London alisoma katika vigae vya kale vya udongo habari ya gharika na mtu aliyeokoka katika chombo, ifananayo na ile ya Nuhu. Na mwaka 1929 Leonard Woolley, akichimba katika Uru, mji unaotajwa katika habari za Ibrahimu, alitangaza kwamba ameona tabaka nene la matope ya mafuriko. Alidhani ni maji ya Nuhu. Lakini miji mingine ya jirani ilipochimbwa, tabaka la wakati ule ule halikuonekana kote. Hata hapa, aliyefanya haraka ya kusema "Nimeona!" ilimpasa kungoja wenzake wapime.

Na sasa faida. Ya kwanza ni hii: Neno la Mungu halihitaji nguzo ya mwanzi. Whiston alipenda Biblia, akataka kuisaidia, akaitegemeza kwa hesabu ya miaka 575. Hesabu ilipoanguka, je, Biblia ilianguka? Haikuanguka, lakini waliokwisha kufundishwa kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja, hao walikuwa hatarini. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, Askofu wa Hippo, aliandika juu ya Kitabu cha Mwanzo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akawaonya Wakristo wasinene ovyo juu ya nyota na viumbe kana kwamba ndiyo maana ya Maandiko. Kwa kuwa asiyeamini, akisikia Mkristo anakosea katika jambo ambalo yeye mwenyewe alijua vema, atamsadikije katika habari ya ufufuo na uzima wa milele? Na Papa Pius wa 12, katika barua yake ya mwaka 1943, aliwaagiza wenye elimu ya Biblia waangalie namna za kusema za watu wa kale, wasidhani kwamba Waisraeli waliandika kama sisi tunavyoandika taarifa. Neno la Newton kwa Burnet linakaribiana na hili.

Ya pili: hofu haiisaidii imani. Halley alificha maandiko yake miaka 30. Waliomtisha walidhani wameilinda Biblia. Kumbe walichofanya ni kuwanyima watu nafasi ya kuyapima maneno yake mapema. Wala ukweli haukukosa njia.

Ya tatu: apimaye kwa uaminifu hukubali kusahihishwa. Halley yule yule, mwaka 1705, alitoa hesabu za njia za nyota 24 zenye mkia. Akasema kwamba nyota iliyoonekana mwaka 1682 ndiyo iliyoonekana mwaka 1607 na 1531, nayo itarudi yapata mwisho wa mwaka 1758. Alijua hatakuwako. Alikufa mwaka 1742. Na usiku wa Noeli, tarehe 25 Desemba 1758, mkulima mmoja wa Saksonia katika Ujerumani, jina lake Johann Georg Palitzsch, mtu wa jembe aliyejifunza mwenyewe, aliielekeza darubini yake angani akaiona. Ndiyo ile ile ya mwaka 1910, na ya mwaka 1986. Watoto wetu wataiona mwaka 2061, Mungu akipenda. Hesabu moja ya Halley aliiacha alipoonyeshwa udhaifu wake. Nyingine ilisimama baada ya kufa kwake. Zote mbili ni sifa kwake.

Habari ya Gharika haimaliziki kwa maji. Humalizika kwa upinde wa mvua, alama ya agano. Upinde nao umehesabiwa. Mwanzoni mwa karne ya 14 mtawa wa Kidominiko, Theodoric wa Freiberg, alichukua vyombo vya kioo vilivyojaa maji, akaona jinsi mwanga wa jua unavyopinda na kurudi ndani ya tone la mvua. Na Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1704 juu ya mwanga, alieleza rangi zake. Leo mtoto wa shule aweza kuonyeshwa hayo kwa bilauri ya maji dirishani. Lakini upinde ukitanda juu ya Matogoro baada ya mvua, je, Mkristo ajuaye habari ya tone na mwanga ana sababu ya kutomshukuru Mungu? Mimi naona ana sababu mbili za kumshukuru.

Basi nilimwita mvulana yule, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa jema, na kwamba mimi nilikosa kumketisha. Tukachukua ubao tukahesabu pamoja mvua ya siku 40, kama Halley alivyofanya. Walipoona kwamba inafika mita 40 tu walinyamaza kidogo, kisha yule yule akauliza: "Sasa, Mwalimu, mwandishi alitaka tujue nini?" Hapo ndipo tulipofungua Kitabu, tukasoma habari ya udhalimu ulioijaza dunia, na ya mtu mmoja aliyekuwa mwenye haki, na ya agano. Tulisoma hata kengele ikalia, wala hapana aliyesimama.